Nguzo ya Kutazamia Zohali

Shemeji yangu ni mwashi, na watu wote wanamwita Pimamaji, kwa sababu haendi popote bila kile kipande chake cha alumini chenye tone la hewa ndani. Akija kula kwangu, kabla hajakaa anakiweka juu ya meza, anatazama, anasonya, kisha anakunja karatasi na kuitia chini ya mguu mmoja. Mimi nashona nguo, na mdomo wangu hauna breki. Tangu nilipoolewa kwao tumekuwa tukitaniana na kugombana, mpaka mume wangu alikuwa anabeba sahani yake na kwenda kula nje. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba haya nitakayomsema ningeyasema hata angekuwa amekaa hapa mbele yangu.

Mume wangu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha uchapaji, upande wa rangi, na wenzake walimwita Wino. Katika kitabu cha sayansi cha shule za msingi kulikuwa na ukurasa wenye picha ya sayari Zohali na pete zake, na ukurasa huo ulipita mikononi mwake kila kitabu kilipochapwa upya. Karatasi zilizoharibika alizileta nyumbani. Rangi ya njano imehamia pembeni, sayari imetoka kama mtu aliyepakwa poda gizani. Ananionyesha, analalamika. "Watoto wote wa nchi hii wameiona kwa mkono wangu," alikuwa anasema. "Mimi mwenyewe sijaiona hata siku moja. Huu ni wino tu, mama."

Ini lilipomshinda akaacha kazi. Wenzake wakachangishana, wakaja kumwuliza wamnunulie nini. Mtu mwingine angesema godoro zuri, au kiti cha kuegemea. Yeye akasema darubini. Loo, siku hiyo nilikasirika! Niliwaandalia wageni chai huku nimewanunia. Walipoondoka nikamwuliza kama ana akili timamu.

"Nataka kuiona Zohali yenyewe," akasema. "Nataka kuiona kabla..." Akamalizia, "kabla ya mvua."

Daktari alikuwa ameshaniita pembeni. Nilimwambia shemeji peke yake, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake, akasema madaktari nao ni binadamu, wanakosea kila siku. Mgonjwa hatukumwambia, lakini mume wangu hakuwa mjinga. Tangu jioni ile hasira zangu juu ya darubini ziliisha, nikawa nataka kitu kimoja tu: aione hiyo sayari yake kwa macho yake.

Alinifundisha namna ya kununua kana kwamba ananituma sokoni mara ya kwanza. Usitazame picha iliyo kwenye boksi. Muuzaji akikwambia inakuza mara mia ngapi sijui, mwache aseme, kukuza si kitu. Uliza upana wa mdomo wa mbele, ndio unaomeza mwanga. Kisha shika stendi uitikise. "Stendi kwanza," alisema. "Darubini nzuri juu ya miguu mibovu ni sawa na kumsomea gazeti mtu anayekimbia."

Nilikwenda na shemeji. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno matamu, akatutolea boksi lenye picha ya nyota za kila rangi, akaanza kuimba, mara mia sita, mara mia sita. Nikatoa futi yangu ya kushonea shingoni nikapima mdomo. "Mwanangu," nikamwambia, "mdomo wenyewe mbona kama kikombe cha kahawa?" Akacheka, akaenda nyuma akarudi na nyingine mbili. Moja ilikuwa na stendi imara ya chuma, lakini mdomo mwembamba. Nyingine ilikuwa na mdomo mpana na kioo safi, lakini miguu yake mitatu ilikuwa ya mabati mepesi, ukiigusa inacheza. Hela yetu haikutosha kupata mazuri yote mawili.

Mimi nikashika ile ya stendi imara. Shemeji alikuwa ameshaweka pimamaji lake juu ya kaunta ya watu, anatikisa kichwa. "Chukua yenye mdomo mpana," akasema. "Stendi niachieni mimi. Huyo ni mdogo wangu, atatazamia juu ya kitu kisichotikisika."

Ndivyo tulivyonunua.

Kuifunga tuliifunga mchana, yeye amekaa kwenye kiti uani, ananiamrisha. Alichagua mahali mwenyewe. Si karibu na ukuta, kwa sababu ukuta unashinda juani na usiku unatoa joto, na hewa ikicheza picha nayo inacheza. Si upande wa jirani mwenye taa kali. Kamba ya nguo ing'olewe. Juu ya darubini kuna kidarubini kidogo cha kulengea, nacho lazima kitazame mahali pale pale inapotazama kubwa, basi tukalenga tangi la maji juu ya ghorofa ya mbali, nikawa nakaza skrubu hii na kulegeza ile mpaka tangi likakaa katikati kwa zote mbili. Kazi hiyo sikuiona ngumu. Mtu aliyezoea kutia uzi kwenye sindano anaiweza. "Usije ukailenga juani," aliniambia mara kadhaa, "jicho litaungua hapo hapo," nami nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi.

Giza lilipoingia akanionyesha nyota moja ya rangi ya samli, isiyopepesa kama wenzake. Ndiyo hiyo. Niliilenga. Nikaona kitu kinarukaruka kama ulimi wa kibatari mlango ukiwa wazi. Nikamwita. Alikuja kwa miguu yake, siku hizo alikuwa bado anatembea, akainama, na mikono yake iliyokwisha kuanza kutetemeka ikagusa darubini, sayari ikakimbia. Nikairudisha. Akagusa, ikakimbia tena. Alijaribu mpaka akachoka, akarudi kitini anacheka, jasho linamtoka.

"Tena hata ukiacha kutikisa," akasema, "dunia yenyewe inazunguka. Kwa lenzi hii kali, usipoifuata kwa kuzungusha kile kifundo cha pembeni, ukivuta pumzi chache tu imeshatoka nje."

"Basi tutumie lenzi hafifu."

"Hafifu pete hazitaonekana vizuri, mama."

Kesho yake Pimamaji alikuja na sururu. Alisema atasimamisha nguzo ya zege, yenye nondo, iliyozama ardhini kama jino. Kile kichwa cha stendi, chenye vile vifundo vya kuzungushia, akakifungua na kukipeleka kwa mchomeleaji kiunganishwe na bamba la chuma litakalokaa juu ya nguzo. Nilimwambia, shemeji, jenga kwanza, kichwa utakichukua baadaye, mwenzio awe anajaribu bahati yake na miguu ya bati. Akasema bamba lazima lipimwe pamoja na nguzo, ndiyo kazi ya fundi. Nikatupa mikono.

Kisha akamsimamisha mdogo wake ukutani. "Simama wima, bwana mdogo." Akachukua penseli, akaweka alama usawa wa jicho.

Hapo sikuweza kunyamaza. Mimi na yeye sote tunapima vitu kwa riziki yetu, ila mimi napima miili. Juma lile lile nilikuwa nimempunguzia mume wangu suruali kiunoni, na nilikuwa nimeipunguza mwezi uliotangulia. Nilijua mwili ule unakwenda wapi. "Ijenge fupi," nikasema. "Ya mtu aliyekaa kitini."

Shemeji hakugeuka. "Unataka nimjengee mgonjwa? Mimi namjengea mdogo wangu akishapona."

Nikamtazama mume wangu anisaidie. Alikuwa bado amebandika mgongo ukutani, kidevu juu kama mtoto anayepimwa urefu. "Mwache kaka ajenge," akasema taratibu.

Basi akajenga. Mungu shahidi yangu, sijawahi kuona nguzo nzuri vile. Alichekecha mchanga mara mbili, akaosha kokoto, akamimina ndani ya bomba nene, akagonga pembeni hewa itoke. Alipoivua ilikuwa laini kama yai. Akaivika magunia, akayalowesha, akasema hakuna kuitwisha kitu mpaka zege likomae.

"Litakomaa lini?"

Akaniambia wiki nne. Nilidhani ananitania. Darubini yenyewe naibeba kwa mkono mmoja! Nikamwambia nguzo hiyo haibebi ghorofa. Akasema zege likipewa mzigo bado bichi linapata ufa ndani usiouona, na ufa ukishaingia kila kitu kitatikisika, na yeye hatamjengea mdogo wake kitu chenye ufa. Nilikwenda kwa mchomeleaji mwenyewe kudai kile kichwa. Kilikuwa kimeshachomelewa kwenye bamba, na hakingeweza kurudi tena kwenye miguu ya bati.

Tukaanza kusubiri. Asubuhi anakuja na ndoo kabla ya kazi, jioni anakuja na ndoo baada ya kazi. Anamwagilia, anagusa, anaondoka. Na mbingu zilikuwa safi, jamani, safi kama zimeoshwa. Mume wangu alikuwa anaitazama ile nyota ya samli akiwa mlangoni. Baadaye akawa anaitazama kitandani, kupitia dirishani, nimemwekea mito. Baadaye hata mito ikawa inamchosha, akawa ananiuliza, "Ipo?" nami nachungulia namwambia ipo.

Jioni moja uvumilivu ulinitoka. Shemeji alikuwa ameinama na ndoo yake, nikamwendea. "Mdogo wako anakwisha ndani humo, na wewe unamwagilia zege kama mchicha!"

Aliacha ndoo pale pale akatoka getini. Chakula nilichomwekea kikapoa. Nilijua nimemchoma, na haki ya Mungu nilitaka aungue. Asubuhi nikafungua mlango nikamkuta anamwagilia. Hakunisalimu, nami sikumsalimu.

Mawingu yalipoanza kujikusanya kwa upande wa mashariki, ndipo akaja na bamba. Alilifunga, akaweka pimamaji lake huku na huku, tone likakaa katikati kama limegandishwa. Jioni ile mawingu yakafunguka. Nilimwomba jirani azime taa yake, akazima bila neno. Nikapandisha darubini, nikatia lenzi kali, nikalenga.

Sikutegemea. Nilikuwa nimeiona kwenye karatasi miaka yote, nikidhani naijua. Kumbe ni kitu kidogo sana, kimening'inia gizani peke yake, na pete imekizunguka bila kukigusa. Wala hakikutikisika hata chembe. "Mungu wangu," nikasema, na nikamkumbuka shemeji kwa wema mara ya kwanza katika siku nyingi. "Mlete! Mlete haraka!"

Shemeji alikuwa ameshaingia ndani. Alimtoa amembeba mikononi, amemfunga blanketi. Nilikimbilia kuwasaidia. Blanketi likanasa kwenye komeo la mlango, nikalinasua. Kwenye ngazi ya jikoni mume wangu akaomba wasimame kidogo avute pumzi. Wakasimama. Kisha tukafika, na nguzo ilikuwa inamsubiri mtu mwenye kusimama wima. Shemeji akamshika mbavuni kutoka nyuma, akamwinua, miguu ikaning'inia, mimi nikaikumbatia ile miguu isiyumbe. Ilikuwa miepesi mno. Uso wake ukafika kwenye lenzi.

"Unaiona?" shemeji akauliza.

Nasikia pumzi yake tu.

"Bwana mdogo, unaiona?"

"Naiona, kaka."

"Na pete?"

"Na pete. Imetulia kabisa."

Pimamaji alilia. Mwanamume mzima, mikono imejaa ndugu yake, hawezi hata kujifuta, machozi yakamwingia kwenye ndevu. Wakati anamshusha mimi nikaweka jicho langu pale.

Palikuwa na giza tupu. Hakuna sayari, hakuna hata nyota. Ilikuwa imeshakwenda zake tukiwa bado mlangoni tunanasua blanketi.

Nikageuka na mdomo wazi. Niliona macho ya mume wangu yananitazama juu ya bega la kaka yake. Akatikisa kichwa, kidogo tu. Nikaufunga mdomo. Pumzi yake ilikuwa imemwishia, midomo imebadilika rangi, na sote watatu tulijua, kila mtu kwa namna yake, kwamba hatutamwinua mara ya pili.

Shemeji alipokwenda kwake nilikaa kitandani. "Kwa nini ulimwambia vile?"

"Amejenga vizuri, mama," akasema. Kisha akauliza, "Wewe uliiona?"

"Niliiona."

"Nieleze."

Nikamweleza. Mimi si mtu wa maneno mazuri, maneno yangu ni ya kugombana na wateja wanaochelewa kuchukua nguo. Lakini nilimweleza yote, udogo wake, lile giza lililoizunguka, ile pete isiyogusa. Alikuwa amefumba macho.

"Na njano imekaa mahali pake?"

"Imekaa," nikasema. "Haijatoka nje hata kidogo."

Akatabasamu. Kesho yake mvua ikaanza kunyesha, na mume wangu alizikwa ikiwa bado inanyesha.

Msibani shemeji aliwasimulia wote waliokuja. Alisimulia jinsi mdogo wake alivyoona pete, na jinsi alivyosema imetulia kabisa. Alisimulia kwa watu wa kiwandani, akasimulia kwa majirani, na kila akimaliza ananigeukia. "Si ndivyo, shemeji?" Nami natuliza sinia la vikombe nasema ndivyo. Kuna usiku nilitaka kumwambia ukweli kwa nguvu zote, nimrushie usoni pamoja na ndoo yake na magunia yake. Nilimchukia, sitaficha. Nilimchukia na nilikuwa namwekea chakula.

Mvua zilipokatika akaja jioni moja, akasimama uani mikono nyuma. Alisema yeye mwenyewe hajawahi kutazama. Alisema siku ile hakutaka kumchukulia mdogo wake nafasi. Sasa angependa kuona alichokiona marehemu.

Nikaitoa darubini, nikailenga, nikampisha. Aliinama kidogo, maana yeye ni mrefu kuliko mdogo wake. Nikasikia, "Aa," sauti ndogo isiyofanana na yeye. Mimi nilisimama mbali na kifundo, nimekunja mikono. Sikuwa nimepanga chochote. Nilikuwa nimesahau tu kukizungusha.

"Shemeji," akasema, jicho bado kwenye lenzi. "Mbona inasogea? Inakwenda pembeni. Imetoka."

"Dunia inazunguka. Lazima uifuate na hicho kifundo."

Akainua kichwa. Aliutazama mlango wa chumbani, akatazama ngazi ya jikoni, akaja na macho polepole mpaka kwenye nguzo yake, namna anavyotazama msingi uliochimbwa na mtu mwingine. Nikaona anambeba mdogo wake upya, hatua kwa hatua, anasimama kwenye ngazi, anasubiri pumzi.

"Siku ile," akauliza, "kifundo alikuwa ameshika nani?"

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka miezi yote ile. Sikuhitaji hata kukisema, ningenyamaza tu kingemwangukia chenyewe.

"Nilishika mimi," nikasema.

"Wewe ulikuwa umeshika miguu yake."

"Mkono mmoja miguu, mkono mmoja kifundo. Shemeji, mimi nashona kwa cherehani ya mkono. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unashika kitambaa. Wewe ulidhani nashona kwa meno?"

Hakucheka. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, nami nikamkazia macho, wala sikupepesa.

"Kwa hiyo aliona."

"Aliona, shemeji."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akainama tena kwenye darubini. Mimi sikuwa nimegusa kifundo, na yeye hakukigusa. Nilijua kilichomo mle ndani, ni giza tupu. Alibaki ameinama vile vile, mkono mmoja juu ya zege lake, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Ipo," akasema. "Naiona, shemeji. Imetulia."

Nikamwambia ndiyo, na nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi.